Uzito wa Asiyekuwepo

Godoro nimelishusha, kitanda nimekisimamisha ukutani,
meza ya plastiki nimeitoa barazani pamoja na birika lake.
Zimebaki hatua nne kwa tatu.
Lubumbashi, mwezi wa saba: saruji baridi kama tumbo la samaki,
na vumbi jekundu la njia ya Kipushi bado limo kopeni.

Kimono sikuleta. Begi lilijaa mawe ya mizani,
kila moja na flaneli yake;
uwanja wa ndege waliniuliza mara tatu kama nauza risasi.
Mkanda tu niliuchomeka pembeni, wa kahawia,
umechakaa pale anapoukamata Nzigire.

Nzigire yuko Goma. Saa hizi anamvuta mtu mwingine kola
juu ya turubai tulilolishona wenyewe,
chini yake maganda ya mbao, chini yake jiwe la volkano
lisilojua huruma ya mgongo.

Mimi nafunga mkanda kwenye nondo ya dirisha.
Navuta, nageuka, nainama.
Navuta, nageuka, nainama.
Hamsini kulia, hamsini kushoto.
Nondo haihemi.
Nondo hainikanyagi kidole halafu ikasema pole.
Naiacha, nashika hewa. Hewa haina kola,
lakini mikono inakumbuka kilo sitini na moja,
na jinsi anavyokawia nusu pumzi
kabla ya kuuamini mguu wa kushoto.

Leo mchana, kwenye ghala la madini,
niliweka mawe yangu juu ya mizani yao
nayo ikasema uongo bila kupepesa:
kila gunia la mchimbaji linaibwa kilo nne.
Meneja akaniita pembeni, akavisifu viatu vyangu,
akasukuma bahasha juu ya meza
kwa kidole kimoja, taratibu.

Metre Balume hutuambia: ukisukumwa, vuta; ukivutwa, fuata;
mtu aangushwe na nguvu yake mwenyewe.
Sawa, Metre. Ila bahasha haina mguu wa kufagia.
Sikuichukua. Sikuirudisha pia.
Nilisema "Kesho," kama muuza duka asiye na chenji.

Basi naanguka. Ubavu, mgongo, ubavu,
kiganja kikipiga godoro kabla kichwa hakijafikiri.
Mara ya kumi na saba, mlango unagongwa.

Ni baba Mukalay, mlinzi wa usiku,
tochi mkononi, koti la kiwanda lisilo na vifungo.
"Mama wa mizani, huko chini wanasema unapigwa.
Nani anakupiga?"
Anamulika kona zote, hadi chini ya lavabo.
"Hakuna mtu."
"Ndiyo shida yenyewe, baba."

Anacheka mpaka anakohoa.
Anailaza tochi sakafuni, anashika ncha ya mkanda.
"Nifanye nini?"
"Usikubali."

Hakubali. Miaka ishirini na sita mbele ya tanuru,
visigino vyake vimeota mizizi.
Navuta, nageuka, na mara ya kwanza tangu Jumatatu
kitu kinanivuta na mimi.
Hatuangushani. Tunasimama hivyo,
mkanda umekaza kati yetu, tunahema.

"Una kilo ngapi?" namuuliza. Mazoea ya kazi.
"Sijui. Walinipima siku ya kutuachisha.
Daktari aliandika. Hakunisomea."

Ameondoka. Kitanda nimekirudisha, miguu inatetemeka.
Fomu ya ghala iko mezani moyoni mwangu, haijasainiwa.
Baba Mukalay anatoka zamu saa kumi na mbili.
Nitamwambia twende wote, nikaze skrubu ile iliyolegezwa,
kisha nimsimamishe juu ya mizani ya ghala,
buti na koti na yote,
na mbele ya meneja nimsomee
kilo zake, na gramu.

Meza nimeisahau nje.
Chai itakuwa imeganda.